Sahihi yako ya 10,500 haijakufunga

Kaka, umesema unalinda lango na kufagia ngazi za fleti kule Pipeline hapa Nairobi, landilodi anakulipa shilingi 10,500 kwa mwezi kupitia M-Pesa, na siku ya kuanza kazi alikupa karatasi ya "nimekubali, sitadai zaidi" ukatia sahihi. Wengi hapa wamekujibu kwamba ulishakubali, basi meza tu. Hapana. Mimi ni karani wa mishahara, nimeketi upande wa wanaolipa kule Viwandani kwa miaka, na karatasi kama hizo nimezichapa mwenyewe. Hazina meno.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007, kifungu cha 48, inasema kiwango cha chini kilichowekwa na amri ya mishahara (tangazo la serikali la mishahara ya chini) ni sehemu ya mkataba wako na hakipunguzwi kwa makubaliano. Mkataba ukitaja kidogo, hicho kidogo kinatolewa, kiwango cha amri kinawekwa mahali pake. Landilodi asipolipa anatenda kosa la jinai, hata kama mlipeana mikono na kunywa chai. Mtu aliye na njaa atasaini chochote, na walioandika sheria walilijua hilo.

Sasa hesabu. Kwa amri iliyoanza 1 Novemba 2024, hapa Nairobi kibarua wa kawaida, mfagiaji, yaya na mlinzi wa mchana wako mstari mmoja: 16,113.75 kwa mwezi (kabla ya hapo ilikuwa 15,201.65). Mlinzi wa usiku ana mstari wake, na uko juu zaidi. Hiyo 16,113.75 ni mshahara mtupu, nyumba haimo. Ongeza asilimia 15 ya nyumba, yaani 2,417.06, unapata 18,530.81.

Lakini umetaja kwamba unalala kwenye kachumba ka langoni, na hapo ndipo mtavutana. Atasema amekupa nyumba, kwa hiyo hana deni la asilimia 15. Sheria ya Ajira inadai makazi ya kufaa, si pahali popote penye bati. Kama humo ndimo mnamowekwa mapipa ya rangi na pampu ya maji, piga picha leo, mlango ukiwa wazi. Hata akishinda hoja ya chumba, bado anadaiwa 5,613.75 kila mwezi. Akishindwa ni 8,030.81.

Na masaa je? Unasema unaingia saa 12 asubuhi, unatoka saa 12 jioni, siku sita. Hayo ni masaa 72. Amri ya jumla ya mishahara inataja 52 kwa wiki, na yanayozidi hulipwa mara moja na nusu. Wengi hulilia mshahara wakasahau masaa, kumbe mara nyingine ndiko pesa zilikolala.

Ushahidi usikutishe. Pale nilipofanya kazi zamani, bosi alikuwa na mchezo wa vibarua: tarehe 28 jina linafutwa kwenye daftari, tarehe 2 linarudi likiwa limegeuzwa, la ukoo mbele, ili ionekane ni mtu mpya asiyetimiza mwezi. (Anajua fika kwamba kibarua akifanya mwezi mfululizo, sheria inamhesabu kama mfanyakazi wa mwezi.) Mama mmoja wa usafi akaenda kwa afisa wa kazi wa serikali na kalenda ya ukutani, ile ya bure ya duka la hadiwea. Kila siku aliyofanya kazi ina mkwaju wa kalamu nyekundu, na pembeni saa ya kutoka. Afisa akaweka kalenda kando ya taarifa yake ya M-Pesa, akaweka na daftari letu. Tarehe za kalenda na za M-Pesa zilifuatana kama treni na mabehewa. Daftari letu halikufuatana na chochote. Alilipwa malimbikizo yake bila kufika korti ya Milimani.

Tena kumbuka kuweka rekodi ni jukumu la mwajiri. Mkifika kortini akishindwa kutoa mkataba ulioandikwa, ni yeye wa kuthibitisha mlikubaliana nini, si wewe.

Kwa hiyo, kabla hujamwambia neno, toa taarifa ya M-Pesa ya muda wote uliofanya kazi, piga picha ile karatasi ya sahihi (ndiyo, inakusaidia: inathibitisha alikuajiri na kwa ngapi), kisha nenda ofisi ya kazi. Isipotatuliwa huko, kesi ya mfanyakazi wa mshahara usiozidi 80,000 kwa mwezi husikizwa na hakimu. Usichelewe. Dai la ajira lina miaka mitatu, na dhuluma ya kuendelea kama hii inaweza kuhesabiwa miezi 12 tu tangu ikome. Waliokaa nyumbani miaka miwili "wakijipanga" nimewaona wakirudi mikono mitupu.

Aliyeandika hapo juu kwamba utafutwa ukilalamika: inawezekana, malandilodi ni watu wa hasira. Ila kumfuta mtu kwa sababu amepeleka malalamiko yenye msingi ni kumfuta isivyo haki, na korti inaweza kumpa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Akikufuta, atakuletea karatasi nyingine ya "nimelipwa yote". Hiyo usiiguse mpaka afisa wa kazi aisome.