Sanamu za Durga Kolkata huzamishwa mtoni
Ndugu umeuliza kama sanamu zile kubwa za Durga, mungu wa kike wa Wahindu, hurudishwa hekaluni sherehe yake ya Durga Puja ikiisha huko Kolkata, India. Hapana, hazirudishwi. Siku ya mwisho, Dashami, hubebwa kwa malori na ngoma za dhak hadi mto Hooghly na kuzamishwa. Nyingine husubiri siku chache zaidi, hasa zile zinazopitishwa kwanza kwenye gwaride la barabara ya Red Road.

Zimeundwa kwa ajili hiyo. Mafundi wa mtaa wa Kumartuli hufunga mabua kwenye fremu ya mianzi, kisha wanapaka udongo wa mtoni, kwa hiyo udongo unarudi ulikotoka. Waumini wanaamini Durga huja na watoto wake kuwatembelea wazazi, halafu anarudi kwa mumewe Shiva, mlimani Kailash. Ndiyo maana wanawake walioolewa humpaka sanduri, ule unga mwekundu wa wanawake wenye waume, na kumlisha peremende kabla hajaondoka, wengine wakilia kabisa. Nimesoma Kolkata miaka miwili, na hakuna kilichonigusa kama kuaga kule.

Siku hizi manispaa huweka winchi kandoni mwa mto na kuzitoa fremu mapema ili maji yasichafuke.

Ila usichanganye na Navaratri ya Wagujarati, ile ya kucheza garba usiku ambayo wengi tumeiona Mombasa na Dar. Majira ni yaleyale, Septemba au Oktoba, lakini desturi ni tofauti. Ya Kolkata ndiyo iliyoingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2021.