Vijana wa field, subirini kwanza kuikataa hiyo smia

Juzi asubuhi nimefungua rejista ya hematolojia (vipimo vya seli za damu) nikakuta mstari wa peni nyekundu kuhusu smia, yaani tone la damu lililovutwa jembamba kwenye kioo: "Smia mbaya, seli zimepasuka, rudia sampuli." Nikacheka halafu nikanyong'onyea, maana maneno hayohayo niliyaandika mimi miaka ile naanza kazi huku Kigoma, tena kwa kujiamini kuliko huyu mdogo wangu. Basi leo wacha niseme, mkichoka niacheni niendelee peke yangu.

1. Mashine ikitoa WBC (seli nyeupe) 190, yaani nyingi mno, usikimbilie kusema imekufa. Pitisha QC (sampuli ya kuhakiki mashine), dailuti, rudia, halafu vuta smia. Na Hb (wingi wa damu) yake usiiamini hivihivi, damu yenye seli nyeupe nyingi hivyo ina ukungu na mashine inasoma Hb ya juu kuliko ya kweli, ukiona MCHC (ukolezi wa Hb ndani ya seli nyekundu) 39 ujue unadanganywa.

2. Bandama kubwa si malaria kila mara. Najua malaria ipo na kichocho cha ziwani kipo, kwa hiyo daktari akiandika bandama wote tunakimbilia BS, kipimo cha malaria kwa hadubini. Sawa, pima BS, lakini ukishamaliza vimelea angalia na seli nyeupe jamani, zipo palepale! Ukikuta ukoo mzima wa mayeloidi (tawi moja la seli nyeupe) umekaa barazani, kuanzia blasti zilizo changa kabisa, mayelosaiti, mpaka nyutrofili zilizokomaa, na besofili nazo zimezidi, usiandike "infection" ukaenda kunywa chai, hiyo inaweza kuwa CML, saratani ya damu ya ukoo huo. Hesabu seli 200, si 100, na blasti taja asilimia, chini ya 10 ni habari moja na 20 kwenda juu ni habari nyingine kabisa. Sampuli ya BCR-ABL, jeni ya CML inayokaa kwenye kromosomu ya Philadelphia, iende kwenye chupa ya zambarau (EDTA), maana heparini ya chupa nyingine inavuruga PCR, kipimo chenyewe cha jeni. Kuna mmoja aliniuliza kama kipimo cha kromosomu ya Philadelphia sampuli inapelekwa Philadelphia. Mdogo wangu, huo ni mji walipoigundua akina Nowell na Hungerford mwaka 1960, damu yetu haivuki bahari.

3. Smaji seli, yaani seli zilizopondeka kwenye smia. Hapa ndipo nilipoumia.

Kulikuwa na mzee, mvuvi mstaafu wa vijiji vya kusini mwa ziwa, anakuja kwa boti usiku kucha anashukia Ujiji, anafikia kwa mpwa wake Mwanga. Uchovu, jasho la usiku, matezi shingoni. WBC 64, mashine yetu ya wakati ule ilikuwa ya diff tatu tu (inagawa seli nyeupe makundi matatu), inasema limfosaiti, aina mojawapo ya seli nyeupe, ni asilimia 88. Navuta smia naona seli zimepondeka kama nyanya zilizokanyagwa sokoni. Nikamgombeza binti wa field kwamba anabonyeza slaidi kama anasaga karanga. Nikavuta mwenyewe, vilevile. Nikakataa sampuli. Mzee akatobolewa tena, nikakataa tena kwa kuwa eti wodini wanatikisa chupa vibaya. Mwezi uliofuata karudi, safari hii nikajifanya fundi, nikahesabu zile nzima tu zilizopondeka nikaziruka, nikapata limfosaiti 45, nikaandika "viral?" na saini yangu nzuri chini. Yaani mashine inasema 88 mimi nasema 45, na niliyemwamini ni mimi. Mzee akapewa dozi, akapanda boti. Akarudi tena.

Mama mkuu wetu wa maabara alipotoka likizo akaikuta slaidi kwenye hadubini. "Hivi ni nini?" Nikamwambia uchafu wa smia, mama. Akanyamaza kidogo. "Za wagonjwa wengine wote leo ni nzuri, ya huyu tu ndiyo mbaya, mara zote. Mkono wako unamchukia huyu mzee?" Akaenda friji ya benki ya damu akarudi na albumini ya asilimia 22, tone 1 kwa matone 5 ya damu, akavuta, akapaka rangi ya Leishman, akaniachia kiti. Limfosaiti ndogo, zimekomaa, kiini kimepasukapasuka kama tope la kiangazi, zimejaa uwanja mzima. Uchafu wangu ulikuwa ni seli laini mno zinazopondeka ukizivuta kwenye kioo, na kupondeka kwenyewe ndiko kulikokuwa kunaniambia ugonjwa.

Rufaa wakafanya flo, kipimo cha alama za juu ya seli, alama za CD5, CD19, CD23 zote zipo: CLL, saratani ya damu ya limfosaiti inayokwenda polepole. Na daktari wa huko akamwambia mzee kwa sasa hakuna dawa, tutakuwa tunakuangalia, ndivyo ugonjwa huo unavyoendeshwa ukiwa bado umetulia. Mzee akaja kutuaga maabara. "Kwa hiyo mmenitoboa miezi minne kuja kuniambia nisubiri?" Sikuwa na jibu. Alishauza injini ya boti kwa ajili ya nauli. Vigezo vya kuuita ugonjwa CLL vinataka B-limfosaiti (kundi mojawapo la limfosaiti) 5 × 10⁹/L au zaidi kwa miezi 3, mwenzangu mmoja akanitania kwamba nimemsaidia mzee kutimiza miezi. Sikucheka, na mpaka leo nikisikia injini ya boti pale Ujiji namkumbuka.

4. Kwa hiyo: smaji zihesabuni pamoja na limfosaiti. Vuteni smia mbili, ya albumini na ya kawaida, seli nyekundu someni kwenye ya kawaida.

5. Chupa ijae mpaka kwenye alama, smia ivutwe ndani ya masaa mawili, bafa (maji maalum) ya Leishman iwe pH 6.8. Maji ya bomba ni ya kunawia.

Na wewe wa peni nyekundu, sijakusemea kwa mtu. Mgonjwa wako bado yuko wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, kamtoe damu mpya umwamkie vizuri. Albumini iko friji ya benki ya damu rafu ya chini, imebaki kidogo usiimwage. Nakusubiri kwenye hadubini.