Hedi ya pikipiki juu ya injini ya Mini: pima kabla hujanunua

Msomaji mmoja kaniuliza juzi: "Kaka, nikifunga hedi ya pikipiki kwenye Mini yangu ya mashindano, nguvu itaongezeka kiasi gani?" Hedi ni kile kipande cha juu ya silinda chenye valvu. Kila mtu nguvu tu. Hakuna anayeuliza oili itashukia wapi.

Mini yangu yenye hedi ya pikipiki inakimbia, na waliokuwa wakinicheka sasa wanaomba kuchungulia chini ya boneti. Ni injini ya A-series ya cc 1275 kutoka BMC, kampuni ya Uingereza iliyounda Mini za kale. Hedi yake ya asili ina matundu matano: mawili ya kuvutia hewa na matatu ya kutolea moshi. Silinda nne zinagombania matundu mawili! Panua, piga msasa mpaka vidole vife ganzi, bado silinda moja itaiba pumzi ya jirani yake. Hedi ya pikipiki ya BMW K1100 ina valvu 16 na kila silinda ina njia yake. Kipenyo cha silinda nacho ni milimita 70.5, cha Mini 70.6. Hapo ndipo watu hutoa pesa mfukoni.

Ndugu yangu, pima kwanza. Kwenye pikipiki, injini ile imelazwa ubavu, kwa hiyo hedi ilisanifiwa kurudisha oili ikiwa imelala. Ukiisimamisha, oili inatuama huko juu na chini kunakauka. Mimi nilitoboa njia mpya, nikapitisha mabomba nje hadi kwenye gia boksi, maana kwenye Mini injini na gia hutumia oili moja. Kemshafti ya zamani, yaani mhimili uliokuwa ukifungua valvu, usithubutu kuitupa ingawa hedi mpya ina zake: ndiyo inayozungusha pampu ya oili na distributa inayogawa umeme wa plagi. Saga nundu zake za kusukuma valvu, iache humohumo.

Habari za kukereza na za mkanda wa meno unaozungusha kemshafti za hedi mpya nazikatisha. Ni vumbi la chuma na subira.

Kabla ya kuwasha, chukua udongo wa kuchezea watoto, ubandike juu ya pistoni, funga hedi pamoja na gasketi yake, kisha zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Fungua, ukate ule udongo kwa wembe, upime unene uliobaki pale ulipobonyea: ndiyo nafasi kati ya valvu na pistoni. Kwangu nafasi ya valvu ya hewa haipungui milimita 2, ya moshi 2.5 kwa sababu hupata moto zaidi na kurefuka. Vijana hawataki kupima, wanataka kusikia mngurumo. Pimeni!

Na hedi ya zamani usiiuze. Mashindano ya magari ya kale yanayofuata Kiambatisho K cha FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, yanataka gari libaki na vipimo vya enzi zake, na hedi ya miaka ya 1990 haipiti hapo. Utakimbilia madaraja huru, yasiyobana mabadiliko. Yangu ya asili nimeipaka grisi nikaifunga nailoni, ingawa yule mkaguzi aliyeniita mharibifu mbele za watu bado sijamsahau.