Maswali ya Wasomaji: Mkataba wa ndoa wenye simba na maua

SWALI: Shikamoo mhariri. Nimeona picha ya mkataba wa ndoa wa Kiyahudi wa zamani kutoka Italia, umejaa maua na ndege na dhahabu mpaka maandishi yenyewe yamebanwa katikati. Sasa hiyo si karatasi ya kisheria tu? Mapambo yote hayo ya nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Hiyo inaitwa ketuba, na ni karatasi ya kisheria kweli, tena ya kumlinda mwanamke. Mume anakubali humo kwamba atamlisha mkewe na kumvisha, na akimwacha au akifa mke ana haki yake, zuz (sarafu za fedha za zamani) 200 kama ilikuwa ndoa yake ya kwanza, 100 kama alikuwa mjane au ameachika, na hiyo ndo chini kabisa maana juu yake wanaongeza nyongeza ya mume na mali aliyokuja nayo bibi harusi kutoka kwao. Wasomaji Waislamu mtaona haiko mbali na ile mahari inayobaki deni kwa mume. Inaandikwa kwa Kiaramu, lugha ya kale iliyo jirani na Kiebrania, na mashahidi wawili wanatia saini.

Mapambo sheria haikuyadai hata kidogo. Ila Italia ketuba ilisomwa kwa sauti mbele ya wageni, kila mtu akasikia bibi harusi kaja na nini, basi familia zenye uwezo zikaanza kushindana, wakawa wanaita wachoraji na kununua ngozi nzuri ya kuandikia, mpaka viongozi wa Wayahudi wa Roma na Ancona wakaweka kikomo cha pesa ya kuchoresha! Kilele ni karne ya 17 na 18. Utakuta alama 12 za nyota, mji wa Yerusalemu, na visa vya kwenye Biblia vilivyochaguliwa kwa majina ya maharusi, mfano bwana harusi akiitwa Abrahamu wanachora Abrahamu akitaka kumchinja mwanawe. Mi hapo ndo napapenda zaidi, mchoraji alikuwa anawajua watu wake.

Ujerumani na Poland nyingi hazina mapambo, na sababu moja kubwa ni kwamba huko kiasi cha pesa cha kuandika kwenye ketuba kilikuwa kimoja kwa wote, hakuna cha kuonyesha. Ila ipo moja yenye picha, ya Krems, Austria, ya mwaka 1392 hivi, imehifadhiwa Vienna, bwana harusi ananyoosha pete na bibi harusi kavaa taji.

SWALI: Wayahudi wa nchi za Kiislamu nao walichora? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Walichora sana tu. Za Isfahan, Iran, zina simba wawili na jua limechomoza nyuma ya migongo yao. Ila za kuhuzunisha ni za Mashhad, mji mwingine wa Iran, huko mwaka 1839 Wayahudi walishambuliwa na kulazimishwa kusilimu, na baada ya hapo maharusi wakawa na mikataba miwili, mmoja wa Kiislamu kwa Kiajemi wa kuonyesha watu, mwingine ketuba yao wameificha ndani. Karatasi hiyo ya pili ingeweza kuwaponza familia nzima na bado waliiandika.

SWALI: Kuna mtu anauza moja, nitajuaje ni ya kweli? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Tafuta anayesoma Kiaramu kabla hujatoa hata senti. Mwaka umehesabiwa tangu kuumbwa ulimwengu, toa 3760 utapata wetu kwa karibu. Mji unatajwa pamoja na mto au bahari yake, kwa hiyo mji ukikataa kuendana na maji yake, shaka hapo hapo. Angalia kama majina yamekwanguliwa na kuandikwa upya, au kama rangi imepanda juu ya wino. Fremu iliyopigwa chapa isikutishe, Amsterdam walichapa za hivyo tangu karne ya 17 wakajaza majina kwa mkono. Na ukishainunua usiitundike juani, usiikunje, na tafadhali usiipeleke kupigwa lamineti.