Je, hundi hudunda? Neno "bounce" na visawe vyake vya Kiswahili

Msomaji anayefanya kazi katika ofisi ya uhasibu mjini Morogoro ameuliza: "Nimeagizwa kuandaa barua ya kumjulisha mteja kwamba hundi yake 'ime-bounce'. Mwenzangu alipendekeza tuandike 'hundi yako imedunda', nami nikasita. Je, kudunda ndiyo tafsiri sahihi, na kama siyo, tuandike nini?"

Umefanya vyema kusita, ingawa mwenzako hakubuni jambo. Kudunda ndicho kisawe cha maana ya msingi ya bounce, yaani kitu kugonga mahali pagumu kisha kuruka kwa nguvu iliyomo ndani yake chenyewe. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, kwa mfano, zinataka mpira wa kawaida wa mashindano, ukiangushwa kutoka kimo cha sentimita 254 kwenye sakafu ngumu, udunde na kufika kati ya sentimita 135 na 147. Hapo hakuna kitenzi cha Kiswahili kinachofaa kuliko kudunda, kwa sababu kuruka peke yake hakuelezi kwamba mpira uligonga sakafu kwanza, na kurudi hakuonyeshi kwamba ulikwenda juu. Mchezaji wa mpira wa kikapu anayeupiga mpira chini mara kwa mara huku akikimbia, yeye anaudundisha.

Inafaa pia kujua kwamba bounce, katika Kiingereza cha zama za kati, lilikuwa na maana ya kupiga kwa kishindo, na maana ya kuruka baada ya kugonga ilikuja baadaye. Kitenzi chetu nacho kina pande hizo mbili: moyo hudunda, mpira hudunda, na mtu aliyepigwa ngumi husemwa kuwa amedundwa. Kwa hiyo maneno haya mawili yanakaribiana sana, na huenda ukaribu huo ndio uliomfanya mwenzako aamini kwamba yanafuatana kila mahali.

Yanapoachana ni kwenye hundi. Kiingereza kinaizungumzia hundi kana kwamba imeruka yenyewe kutoka benki, ilhali hundi haina nguvu ya kuruka; kuna benki iliyoipokea, ikatazama akaunti ya aliyeiandika, ikakataa kulipa. Kiswahili hupendelea kumwonyesha mtendaji huyo, au angalau kuacha nafasi yake kwa kauli ya kutendwa. Andikeni basi: "Hundi yako imerudishwa na benki bila kulipwa kwa kuwa akaunti haikuwa na salio la kutosha." Sentensi hiyo ni ndefu kuliko "imedunda", lakini inamwambia mteja nani alikataa na kwa nini, na barua ya madai inahitaji mambo hayo mawili kuliko inavyohitaji ufupi. Kama sababu ni nyingine, mathalani saini kutolingana, itajeni hiyo badala ya salio.

Mtauliza kuhusu "imebaunsi", ambayo husikika sana katika mazungumzo ya wafanyabiashara. Sioni kosa katika umbo lake: kinanyambulika kama vitenzi vingine vya mkopo vinavyoishia na irabu i, ndiyo maana mzungumzaji husema bila shida "haikubaunsi". Hata hivyo, kwenye barua rasmi ningekiepuka, kwa sababu hakielezi chochote ambacho kurudishwa hakujakieleza vizuri zaidi. Kwa baunsa hali ni tofauti. Nomino hiyo imeshakuwa yetu, ina wingi wake, mabaunsa, na anayelazimisha "mlinzi wa mlangoni" anapoteza ile picha ya mtu wa miraba minne anayewatoa walevi ukumbini.

Kigezo hicho cha nani amerudisha kitu kitakusaidia kwingineko. Watangazaji wa kandanda hawasemi mpira umedunda kutoka mikononi mwa kipa. Husema kipa ameutema, na mshambuliaji akaumalizia wavuni. Ukigonga mwamba wa goli, husema umegonga mwamba na kurudi uwanjani. Barua pepe isiyofika nayo hairuki popote: imerudishwa na seva, au kwa lugha nyepesi, haikumfikia mlengwa. Sauti ikigonga jabali na kurudi tuna mwangwi, na mwanga ukirudishwa na kioo tunasema umeakisiwa. Katika mifano hii miwili hatuhitaji kukopa wala kubuni.

Bado kuna bounce back, inayotumika kwa mtu, timu au uchumi uliopata pigo na kusimama tena. Hapa msitafsiri neno kwa neno hata kidogo. Timu iliyofungwa wiki iliyopita na kushinda leo imezinduka, mfanyabiashara aliyefilisika na kurudi sokoni amejikwamua, na mgonjwa aliyepata nafuu amerudiwa na nguvu. Mteja wenu akilipa deni kwa hundi nyingine na benki ikaikubali, andikeni tu kwamba hundi yake imelipwa.