Kwa nini nitoe mazoezi yangu bure?

Swali: Nimetunga mazoezi ya hesabu za sehemu yanayotosha muhula mzima. Walimu wenzangu wananihimiza niyaweke mtandaoni bure. Nitafaidika nini, na nitamzuiaje mtu asiyauze?

Jibu: Mwalimu, utapata wakaguzi usiowalipa. Chukua swali hili: "Ipi kubwa, 3/4 au 1/2?" Mwanafunzi anayedhani kwamba sehemu yenye tarakimu kubwa ndiyo kubwa atalipata, nawe utampa vema bila kujua kuwa hajaelewa. Unaweza kulitumia miaka mitano usione kasoro hiyo. Anayeliona kwa mara ya kwanza ataishtukia na kuweka 2/3 na 5/12, ambapo dhana hiyo inaumbuka papo hapo. Toleo lake likikurudia, zoezi lako limenoa makali kwa jasho la mwingine.

Hayo hutokea pale tu faili linapoweza kuhaririwa. Ukiweka PDF peke yake, anayetaka kurekebisha swali moja itabidi achape yote upya, na wengi hawatajisumbua. Weka PDF ya kuchapisha pamoja na faili la docx au odt. Ongeza ukurasa mmoja wenye lengo la somo, muda, yanayotakiwa kufundishwa kabla, majibu, na makosa ya kutarajiwa, kama 1/2 + 1/3 kuwa 2/5. Ukurasa huu ndio walimu huusahau, ilhali ndio mgeni anaoutafuta kwanza.

Kuhusu kuuzwa: usipoandika masharti yoyote, hakimiliki yote hubaki kwako, na mwalimu mwaminifu ataogopa hata kusambaza marekebisho madogo. Chini ya kila ukurasa andika jina lako na leseni ya CC BY-NC-SA 4.0, mojawapo ya leseni za Creative Commons zilizoandikwa tayari kwa wanaotoa kazi zao bure: utajwe, kazi isitumike kibiashara, na toleo lililorekebishwa litolewe kwa leseni ileile. Epuka leseni za CC zenye herufi ND. Hizo hukataza kusambaza toleo lililobadilishwa, yaani faida yenyewe unayoitafuta. Leseni haimfungi mwizi mikono, ila inakupa pa kusimamia unapodai. Tena haibatilishwi: ukighairi baadaye, walioipata kazi hiyo wataendelea kuitumia.

Kabla ya kupakia, soma mkataba wako wa kazi, maana kuna mahali ambapo kilichotungwa kazini ni mali ya mwajiri. Ondoa picha ulizonakili vitabuni; huwezi kuruhusu kisicho chako. Futa majina ya wanafunzi, hata yale yaliyojificha kwenye picha za madaftari. Na mtihani unaoutumia bado, ubaki nao.