Nikon D90 ya 2008: ubadilishe bodi (kamera yenyewe) au lenzi?

Ndugu, umeuliza ubadilishe nini kwenye kamera yako ya D90; kama shida ni hizo picha za ukumbini zenye chenga, mimi nisingeanza na bodi. D90 yako ina megapikseli 12; ukichapa A4 hakuna atakayegundua umri wake. Kinachokuangusha ni lenzi iliyokuja nayo: ukivuta hadi milimita 50 inafunguka karibu f/5 tu, yaani inaingiza mwanga kidogo. Funga lenzi ya 50mm f/1.8, inayofunguka zaidi, hata ile kuukuu ya aina ya D isiyo na mota ya kulenga, maana D90 ina mota yake ya kulenga. Pale ulipopiga kwa ISO 3200 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga; kikipanda, chenga huongezeka) utashuka hadi 400 hivi. Ila kama unataka video, badilisha bodi bila kusita. D90 inaishia 720p (ubora wa chini wa HD), na ukishaanza kurekodi hailengi yenyewe. Mimi nilishaharibu hotuba nzima hivyo: mzungumzaji alisogea hatua mbili tu, akawa ukungu.